"Naam" ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni msaga nafaka. Mashine yake inanguruma hata kuku wa jirani hutaga mayai yaliyokwisha kupigwa. Usibishe, nimeyakaanga mwenyewe. Mashine hiyo imemla masikio. Ukimwita anainamisha kichwa na kujibu "Naam?", yaani sema tena, sijakusikia.

Siku moja mota iliungua. Akaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, tajiri wake, mwenye mashine, akiwa safarini. Tajiri kurudi, kaona mota haipo, kakimbilia polisi.

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma na binti yangu. Karani akasoma shtaka puani, kama mtu anayesinzia, akamaliza: "Ni kweli uliiba?"

"Naam?" akasema mkwe.

Karani akaandika kwamba amekiri. Hakuna aliyemweleza mota iliibwaje, wala aliyemuuliza iko wapi. Hakimu, macho mezani, akauliza kama amewahi kufungwa.

"Naam?"

Basi, akawa mwizi mzoefu, na kifungo akapigwa cha wazoefu. Nikasimama kusema huyu hasikii. Askari akanishika bega.

"Bibi, kaa chini, usije ukaunganishwa naye."

"Niunganishe, mjukuu wangu. Mimi angalau nitasikia nikifungwa."

Nikatolewa nje kama paka aliyeingia jikoni.

Binti yangu alihangaika na rufaa, mtoto mgongoni, mpaka akapata wakili wa kujitolea. Huyo akamweleza jaji habari ya masikio. Wakili wa serikali akainuka, suti imenyooka kuliko maneno yake: aliyekiri mwenyewe hana cha kulalamikia, labda urefu wa kifungo tu. Nikauma meno yangu yote mawili.

Jaji, mama wa makamo, akaweka kalamu chini. Akamtazama mkwe na kusema puani vilevile: "Ni wewe uliyemeza mwezi juzi?"

"Naam?"

"Wakili, tumfungulie na shtaka la mwezi?"

Watu wakacheka. Mimi, ninayecheka hata matangani, sikucheka. Mtu alikuwa analala sakafuni gerezani kwa neno hilo hilo.

Jaji akasema hiyo si kukiri. Asiyeelezwa kosa lenyewe hajui anakubali nini, na kifungo cha zamani hakuna aliyekithibitisha. Akafuta hatia, akafuta adhabu, akakataa kesi ianze upya, maana mota ilikuwa kwa fundi muda wote, imeshasukwa, inangoja mwenyewe.

Hakuna aliyemwomba radhi. Karani bado anasoma puani. Nilipita makusudi nje ya dirisha la mahakama nikamsikia.

Mkwe amerudi kwenye mashine, ila "naam" yake haitamki tena. Binti yangu akimwita, anazima mashine, anatoka na unga kwenye nyusi, anavuka uwanja mzima na kusimama mbele yake amtazame midomo. Hata akiulizwa tu kama chai itiwe sukari. Anataka kwanza ajue anakubali nini.