Adabu ya Karani

Karani wa bandarini Kurasini alikuwa mtu wa adabu sana, ila adabu yake ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakikutumika nyumbani. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo, kaptura imenyoshwa na mkewe Zuena kwa pasi ya mkaa, akijizoeza: "Gudi moning, sa. Hau du yu du, madam. Ai am veri sori, sa." Sauti ililainika kama uji wa mgonjwa. Aliivua kofia kwa vidole viwili, akainama, akamwomba radhi Mzungu asiyekuwapo. Kisha akageuka: "We, viatu vyangu viko wapi?" Miaka kumi na miwili Zuena alipiga pasi huku akisikiliza, hata akajua kila neno lina kazi gani.

Karani alipooa mke wa pili kimyakimya, Zuena akapewa habari na wachota maji, akarudi kwa mama yake Temeke. Desturi ilimtaka mume aje akae mkekani, amwombe mkwewe radhi, ndipo amchukue mkewe. Akaja. Mama akangoja. Nyuma ya pazia Zuena naye akangoja, maana "nisamehe" moja tu ingemrudisha, hata ya kunong'ona. Karani akakohoa, akaivua kofia kwa vidole viwili, akainama vilevile alivyokiinamia kioo.

"Ai am veri sori, madam."

"Anasemaje mkwe wangu?" mama akauliza.

"Anaaga, mama," Zuena akajibu, akatoka na kumgeuzia viatu vyake mlangoni, vikatazama njia.