Kiatu cha Kushoto cha Fundi

Fundi cherehani wa mtaa wetu wa Maisaka amefariki, na jana tumemzika. Kifua kilimbana ghafla, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Wengine wenu mnatembea na suruali alizozipunguza na hata hamumjui. Naandika mgongo unauma kwa kuchimba na udongo bado uko kwenye kucha, kwa hiyo leo msitegemee vichekesho vingi kutoka kwangu. Nimechoka, wasomaji wangu, na si mikono tu iliyochoka.

Miaka mingi iliyopita, msimu wa mavuno, Fundi aliruka kutoka juu ya lori la mahindi akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Akafungwa hogo la plasta, likafunguliwa, akatembea, mtaa mzima ukampa hongera, na habari ya mguu ule ikaishia hapo. Kwake haikuishia. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, naye aliikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ameulaza pembeni juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Kiatu cha mguu huo hakikuwa na kamba. Asubuhi za baridi alikaa kwanza akiukanda, ndipo ashike mkasi. Mimi nilipenda kupita kibandani kwake kumsimulia ndoto yangu ya kufungua duka la suti, nivalishe maharusi wote wa Manyara.

"Shikamoo, Fundi. Mguu umeamkaje?"

"Marahaba. Umeamka kabla yangu, kama kawaida yake. Haya, lile duka limefika wapi?"

"Limefika ghorofa ya pili."

"Basi nitafutie kazi ghorofa ya chini. Ngazi siziwezi."

Sasa, kwetu msiba ni kazi. Akina mama wanapika, wanaume wanachimba kaburi, na asiyechimba anaangaliwa kwa jicho la pembeni, kwamba siku yake na yeye tutaona. Fundi hakukosa msiba, lakini shimoni hakuingia, maana ukikanyaga koleo kwa mguu mmoja, mwili wote unabebwa na ule mwingine. Yeye aligawa maji ya kunywa. Jirani yake, muuza mbao, hakumwacha: "Fundi, mguu wako mbona unauma misibani tu? Sokoni tunakuona unatembea!" Watu wanacheka. Fundi naye anacheka, anaendelea na ndoo yake.

Siku moja, kwenye msiba wa Nangara, kucheka kulimshinda. Akaweka ndoo chini, akachukua sululu, akashuka. Alichimba vizuri kweli, na muuza mbao akapaza sauti, "Si nilisema? Mzima huyu!" Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Nilimkuta nyumbani, mguu umo kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, kifundo kimevimba, jasho linamtiririka. Nikamuuliza alikubali ya nini.

"Mdogo wangu, na mimi nitakufa. Siku hiyo nani atashuka shimoni kwa ajili yangu? Ningekuwa bado na hogo, wangeniamini. Sasa kwa macho yao nimepona."

Maneno hayo sijayaacha mpaka leo. Mtu akiwa na bandeji tunajua kumhurumia. Tunampelekea maziwa, tunamuuliza hali kila tukipita. Bandeji ikitoka, tunaona na maumivu yametoka, na anayeendelea kuumwa inabidi aanze kujitetea kama mwizi. Wapo wengi hapa mjini, kina mama wanaosimama sokoni wakihamisha uzito mguu huu na huu, vijana wa bodaboda ambao mkono uliunganika vibaya. Wanafanya kazi kama sisi, ila wao wanachoka mara mbili, kwa kuumwa na kwa kuficha.

Jana, wakati wa kumvalisha marehemu, aliyeshika viatu ni muuza mbao. Alikuwa ametia kamba mpya kwenye kile cha kushoto, nadhani alitaka jirani yake aondoke nadhifu. Mke wa Fundi akamgusa bega. "Shemeji, hicho cha kushoto acha. Kila jioni alikuwa anakivua machozi yanamtoka. Mwache apumzike."

Muuza mbao alibaki nacho mkononi. Kisha akatoka nje, akakipeleka kibandani, akakiweka juu ya cherehani, akaenda makaburini na kuwa wa kwanza kushuka. Ardhi ilikuwa ngumu, tukamwambia apokewe, akakataa kwa kichwa tu. Wachimbaji walijaa hadi sululu zikawa za kugombania. Hofu ya Fundi haikuwa na sababu, lakini aliibeba miaka yote ile, na hakuna aliyemtua.

Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyevunjika zamani, usimwambie amepona. Muulize mguu umeamkaje, halafu usimame pale mpaka amalize kujibu.