Baiskeli ya Watu Wanne

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa mdogo wangu wa mwisho kwenye duka moja pale Kahama, kununua kompyuta ya mezani. Anasomea kuchora ramani za nyumba. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alitusomea karatasi iliyobandikwa kwenye boksi: prosesa hii, ramu gigabaiti nane, diski ya kasi. Binti akanigeukia. "Baba mkubwa, unaonaje? Itatosha?"

Mimi niliishia darasa la tano. Nikamwomba muuzaji aiwashe, binti afungue michoro yake mizito kuliko yote, yote kwa pamoja. Kijana akacheka. "Mzee, hii kompyuta, siyo punda!" Aliiwasha hata hivyo, nayo ikakwama. Ya pili ilikwenda vizuri. Binti akasema hiyo inatosha. Nikamwambia inatosha kwa leo, tuchukue inayozidi hapo. Hakuuliza sababu, nami sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikaa ng'ambo ya Nyahanga, nje ya mji wa Kahama. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla pamba haijavunwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nyuma yangu wadogo watatu: mvulana, msichana, na kitindamimba ambaye bado alilala akinishika sikio. Baada ya matanga ndugu wakakaa kikao. Baba mdogo wa Ushirombo amchukue mvulana, shangazi wa Ibadakuli amchukue msichana, mdogo aende kwa bibi. Walikuwa na sababu ya kweli: shule ilikuwa maili sita, nani angewafikisha? Nikasema mimi, kila siku.

"Utawabeba mgongoni, baba?" shangazi akauliza.

Wakanipa muda hadi shule zifunguliwe. Nikauza dume mmoja wa ng'ombe aliyeachwa na baba, nikaenda mjini na wadogo zangu wote kutafuta baiskeli.

Duka la mzee mmoja wa Kihindi lilinukia mpira mpya na grisi. Baiskeli zilikuwa mbili. Moja nyekundu, nyembamba, yenye gia tatu, dinamo na taa. Nyingine nyeusi, nzito, haina hata kengele. Mzee alinisomea sifa za ile nyekundu kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza, nami nikaitikia kama ninayeelewa. Moyo wangu ulikuwa kwenye ile taa. Baba ndiye aliyejua kukagua vitu. Jembe aliligonga kwa ukucha, akasikiliza, akajua. Nikaigonga ile nyekundu kwa ukucha. Ikalia, lakini sikujua inasema nini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ndipo nikawaita wadogo zangu kutoka barazani. "Pandeni." Kitindamimba kwenye bomba la mbele, wawili kwenye keria, mimi kwenye tandiko.

"Wewe! Hii baiskeli au basi la Mwanza?" mzee akapiga kelele.

Fundi cherehani wa barazani akadakia, "Mwongeze na mbuzi!" Watu wakacheka.

Tairi la nyuma la ile nyekundu lilibonyea hadi rimu ikagusa sakafu. Tukahamia ile nyeusi. Ililalamika, ikatulia.

"Wazazi wenu wako wapi?" mzee akauliza.

"Hawapo," dada yangu akajibu.

Mzee alichukua pampu, akajaza matairi mwenyewe, kisha akabadilisha keria akafunga iliyo pana. "Chukua nyeusi," akasema. "Nyekundu ya mtu mmoja."

Shule zilipofunguliwa hakuna aliyekuja kumchukua mtu. Alfajiri nilichemsha michembe, nikawafungia kwenye kitambaa, tukaondoka. Nakumbuka harufu ya viazi vile vikavu, mnyororo ukilia, kitindamimba akiufanya mdomo wake kuwa kengele: "Ngriii! Tupisheni!" Sijawahi tena kuwa na furaha iliyochosha namna ile.

Lakini siku ile dukani nilipima uzito wao wa siku ile. Sikufikiri kwamba watoto wanakua. Mwaka wa pili spoku zikaanza kukatika, na mvulana akashuka, akawa anakimbia kando yetu. Kisha akaanza kutangulia na wenzake, akaona aibu kubebwa. Akafaulu, akaenda Tabora. Dada akafuata, kusomea uuguzi. Nikabaki na mmoja, miguu yake ikiburuza chini, na kengele ya mdomo alikwisha kuiacha.

Yeye nilimpeleka Isaka kupanda treni. Alishika sanduku letu la bati, akaniambia, "Kaka, usisubiri iondoke, utachelewa." Nilisubiri. Hicho ndicho nilichokitaka tangu siku ya kikao, wasome wote, na nilikipata.

Kurudi, baiskeli ilinishinda. Miaka yote mikono yangu ilizoea uzito wa nyuma. Sasa gurudumu lilirukaruka kwenye mawe, usukani ukayumba kama wa mtu anayejifunza. Nilianguka mara mbili kwenye njia niliyoijua. Hatimaye nikasimama, nikatafuta jiwe kubwa kando ya barabara, nikalifunga kwenye keria kwa kamba ya mpira. Ikatulia, tukaenda hadi nyumbani.