Sikio Halina Spea

Nakumbuka siku niliyoketi kwenye kibao ndani ya duka la Mzee Balbir, pale mjini Nakuru, hedifoni mpya kichwani, nikingojea sauti moja inyamaze. Haikunyamaza. Nje mvua ilikuwa ikinyesha na watu walikuwa wamejikunyata mlangoni, lakini mimi jasho lilinitoka. Mwanangu, kwa desturi yetu wewe ni babangu, kwa kuwa umebeba jina lake, na si adabu mtu kumkemea babake. Kwa hivyo sikukemei. Nakusimulia tu. Naandika polepole, nawe soma polepole.

Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea na masomo. Nilipata kazi kwenye poshomili moja huko Bahati, mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa nyuma ya soko. Ikiwashwa, mabati ya paa yalitetemeka, na ukitaka kumwambia mtu jambo ulimsogelea hadi ukajua amekula nini. Wengine walilalamika. Mimi nilipapenda. Mtu mwenye haya hufurahia mahali ambapo hakuna anayetarajia azungumze.

Na nilipenda muziki, mwanangu. Sikuwa mtu wa kucheza dansi. Nilikuwa mtu wa kusikiliza. Nilipenda gitaa linapojitenga na wenzake na kupanda juu, na ile kayamba inayochekecha nyuma kabisa, ambayo wengi hawajui kama ipo. Nilianza na spika ndogo za masikioni zinazouzwa na wachuuzi barabarani. Mashine ilizimeza. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Nikanunua nyingine zenye mpira wa kuziba tundu la sikio. Baadaye nikataka hedifoni kubwa za kufunika sikio lote, na kicheza muziki kidogo cha memori kadi, kwa sababu nilisikia kwamba simu huharibu muziki. Nilimuuza kondoo wangu. Shosho, nyanya yangu aliyenilea, aliuliza kondoo amekwenda wapi, nikamwonyesha kichwani.

"Kondoo mzima," akasema, akizigusa kwa kidole, "na hata sufu haikubaki?"

Haba na haba hujaza kibaba. Tunadhani methali hiyo ni ya akiba tu, lakini hata madhara hujaa vivyo hivyo. Kila nilipovaa kifaa kipya, siku za kwanza kilinitosha. Halafu ilionekana kama mashine imeongeza nguvu, nami nikaongeza sauti ili niishinde. Mashine haikuwa imeongeza chochote. Ilikuwa ileile, na mwenye poshomili alikuwa akiilalamikia kwamba inazeeka.

Ndipo ikaja ile sauti. Ilikuwa nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka nyumba ya jirani. Niliisikia wimbo ulipokwisha na mwingine haujaanza. Nikasema waya umechoka, nikabadilisha waya. Nikasema memori kadi ni feki, nikatafuta nyingine. Kisha kayamba nayo ikapotea katika nyimbo nilizozijua kama kiganja changu, nikasema hedifoni hizi hazina uwezo wa kuitoa. Nilikuwa na jibu kwa kila jambo.

Jioni nikiwa nimevua kila kitu, nikikata nyasi za ng'ombe, sikio la kushoto lililia lenyewe. Hilo nililipa jina jingine. Shosho alinifundisha nikiwa mdogo kwamba sikio likilia unasemwa mahali: la kulia wanakusifu, la kushoto wanakusengenya. Hebu fikiria, mwanangu, mtu mwenye haya anayesengenywa kutwa kucha. Kanisani niliketi karibu na mlango nikiangalia midomo ya watu. Akina mama wakicheka bombani, nilijua ni mimi. Nilianza kupita njia ya nyuma ya shamba la viazi ili nisipite mbele ya maduka. Usiku nilijiuliza nimemkosea nani, na majina yalikuja, hata ya watu ambao sikuwahi kuwasalimu. Kumbe labda hilo ndilo kosa, nikawaza: sijawasalimu.

Sauti ilikuwa moja na majina yalikuwa mawili. Ndani ya hedifoni niliiita ubovu wa kifaa, nje niliiita maneno ya watu. Sikuwahi kuketi nikayalinganisha.

Sasa sikiliza lililotokea. Mama Njeri, jirani yetu, alikuja na mtama, wimbi na mahindi kidogo. Alitaka unga wa uji wa mtoto wake aliyekuwa ndio anaanza kula. Alisimama mlangoni akaniuliza neno. Nilivuta hedifoni kando nikaona midomo yake ikicheza. Mashine ilikuwa imezimwa wakati huo. Mtu mwingine angesikia hata kuku akiparura nje. Mimi sikuyapata maneno yake. Nikaona haya kumwambia arudie. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Ndiyo, mama," nikatabasamu, nikamsagia.

Kesho yake alirudi na unga wake kwenye beseni, akapita foleni yote hadi mbele.

"Wewe kijana! Jana nilikuuliza nini?"

Nikajifanya kufuta unga kwenye mdomo wa mashine.

"Nilikuuliza kama mmesafisha mashine baada ya kusaga omena. Ukaniambia nini? Ukaniambia ndiyo!"

Asubuhi ile tulikuwa tumesaga omena, wale samaki wadogo waliokaushwa, kwa ajili ya chakula cha kuku. Sikuwa nimesafisha kitu.

"Uji unanuka ziwa!" Mama Njeri akawageukia watu. "Mtoto ameutema wote kwa koti la babake, lile la kanisa!"

"Mathe, si hiyo ni protini?" kijana mmoja akasema kutoka nyuma. "Ungeshukuru."

"Protini upeleke kwenu!"

Watu walicheka hadi wakaegemea magunia. Nami, kwa aibu, nilikuwa karibu kucheka pamoja nao. Lakini Mama Njeri alishusha sauti, akanisogelea ili nimwone vizuri usoni. "Na kama angekuwa mmoja wa wale watoto wanaovimba koo wakila samaki, ungenijibu nini leo?"

Kicheko kikakatika. Swali lile lilinifuata nyumbani na kuketi nami mezani.

Ungedhani hapo nilielewa. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, na langu ni kama ndilo lililotungiwa methali hiyo. Nilijiambia hedifoni hizi ndizo zinazonifanya nisisikie watu, na juu ya hayo zina kelele. Nikasema nitapata bora. Nikaenda Nakuru.

Mzee Balbir alikuwa Kalasinga, Mhindi mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe. Alizaliwa Nakuru, babake pia, na Kikuyu chake kiliwashinda vijana wetu wengi. Aliuza na kutengeneza redio, spika na kila kitu kinachotoa sauti. Nilipenda kununua kwake kwa sababu alikutazama usoni ukizungumza, kama mtu anayekuthamini.

"Boss, umerudi?" akasema. "Utanunua hii duka yote uniachie mlango."

"Hizi ziko na kelele, mzee. Kama birika."

Hakubishana. Alinipa nyingine, akanichezea wimbo, akauzima. "Na hiyo?"

"Bado iko."

Akanipa za bei ya juu zaidi. "Hiyo je?"

"Iko, mzee."

Alifungua kabati la kioo akatoa zile ambazo nilikuwa nikizitazama kwa mbali kama mtu anayetazama nyumba ya tajiri. Hizo ndizo nilizoketi nazo kichwani siku hiyo, nikiomba kimoyomoyo. Wimbo ulikwisha. Birika lilikuwepo. Tena lilisikika wazi kuliko zamani, maana hedifoni zile zilizuia kila kelele nyingine.

Mfanyabiashara mwingine angeniuzia hapo hapo. Yeye alizivua polepole kutoka kichwani mwangu, akaniashiria nimfuate nyuma, kwenye stoo aliyoipanga magodoro ukutani ili kujaribia spika. Akafunga mlango. Hata mvua ilibaki nje.

"Hapa hakuna redio," akasema. "Hakuna waya. Hakuna stima imewashwa. Unasikia nini?"

Nilisikiliza. Mwanangu, nilitamani sana kumwambia sisikii kitu. Nilimeza mate ili nichelewe.

"Iko," nikasema.

"Sikio gani?"

"Yote. Ya kushoto zaidi."

"Hiyo mimi sijaleta kutoka Nairobi. Hiyo umekuja nayo."

Kwa sababu ya hofu nikasema upuuzi, na hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka. "Shosho husema ni watu wananisengenya."

Alicheka hadi ndevu zikatikisika. "Watu gani hao hawapumziki? Hawana ng'ombe? Hawana shamba?" Halafu kicheko kikamwisha, akaketi juu ya boksi la spika. "Kama ni hivyo, mimi wamenisengenya tangu nikiwa kijana. Nilijaribu spika za harusi hapa, za kanisa, za mikutano. Nafungulia mpaka glasi inaruka mezani, nasema, hiyo ndiyo sauti! Sasa mjukuu wangu akiniita, mimi naangalia mdomo yake. Akiniita kutoka nyuma, sina mjukuu."

Ndipo nilipojua kwa nini alitazama watu usoni.

"Unabadilisha viatu," akaniambia, "na mguu ndio imevunjika. Sikiliza, kijana. Mimi nauza spea ya kila kitu. Sindano ya santuri ya babu yako, ninayo. Sikio haina spea. Leo siuzi kitu kwako. Enda kliniki ya masikio, na usipitie duka lingine njiani."

Nilikwenda. Huko, kwa maajabu ya Mungu, walinivalisha hedifoni. Nilipewa kitufe nikaambiwa nibonyeze kila nikisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani. Sijawahi kuogopa kimya kama siku ile. Kila palipotulia sikujua kama hakuna kilichopigwa au kimepigwa nami nimekikosa. Nilibonyeza nilipodhani. Nilibonyeza kwa kubahatisha. Daktari akatabasamu, akaniambia, "Usinisaidie, ndugu. Sikiliza tu."

Akanieleza kwamba sauti za juu, nyembamba, zimepungua masikioni mwangu na hazitarudi, na kwamba ule mlio wa birika hutoka kwenye masikio yenyewe, yaliyoumizwa na kelele. Kayamba haikuwa imepotea kwenye hedifoni. Usikivu uliobaki, akasema, unaweza kukaa nami maisha yangu yote, au unaweza kuondoka pia. Hiyo ni juu yangu na ile mashine.

Tangu siku hiyo nimesaga nikiwa nimeziba masikio kwa vizibo alivyonipa, bila muziki. Muziki nausikiliza jioni kwa sauti ya chini, kwa vile vifaa vyangu vya zamani, na kusema kweli sijui kama ni vibaya. Sikuwahi kuvipa nafasi. Jambo gumu zaidi halikuwa hilo. Jambo gumu lilikuwa kusema, "Sijakusikia, tafadhali rudia." Mara ya kwanza nilimwambia Mama Njeri. Akarudia, taratibu, kisha akaongeza, "Na omena je?" Tukacheka wote wawili.

Hofu haijaniondoka, sitakudanganya. Asubuhi kabla sijafungua macho huwa nawatafuta ndege kwa masikio, mmoja mmoja, nikiogopa siku nitakayomkosa mmoja. Na siku uliyozaliwa, nesi alikuinua nikaona mdomo wako umefunguka wote na uso umekunjamana, na sikusikia kitu. Nafasi ile ilikuwa ndogo kama ya kupepesa jicho. Nilimtazama mama yako nione kama yeye anasikia. Halafu kilio chako kikaja, chembamba, kikikwaruza, nami nikashika ukuta. Nesi alidhani ni furaha. Ilikuwa furaha, lakini haikuwa peke yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Penda vitu vizuri, mwanangu, sikukatazi. Wala kutaka kusikia wimbo hadi ndani kabisa si dhambi. Lakini sikio halipiti kichwa, na kifaa hakipiti sikio. Mahali penye kelele usipigane kwa kelele. Ondoka, au jizibe, au ngojea. Ukisikia jambo geni mwilini mwako usilipe jina la kitu kilicho karibu nawe, wala usiwatwike majirani lawama. Vua kila ulichovaa, ingia mahali patulivu, ujiulize linatoka wapi, kisha umuulize anayejua. Na usipomsikia mtu, sema hujamsikia. Aibu ya kuuliza huisha kabla ya chai kupoa. Aibu inayokufanya uitikie "ndiyo" kwa neno usilolisikia inaweza kumlisha mtoto wa mwenzako kitu cha kumdhuru.

Mungu akupe nyimbo nzuri na watu wa kuzisikiliza nao. Akupe wazee watakaokataa kukuuzia. Akulindie macho, mikono na miguu, na masikio yako yazeeke pamoja nawe, yasikutangulie.