Msichana wa Ukurasa wa Mwisho

Watoto wa mtaani walimwita Mama Tembo, ingawa mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Jina lilitokana na kazi yake: alichora picha za vitabu vya watoto, na tembo wake walipendwa kuliko wanyama wengine wote. Alichorea kwenye meza ya chakula, karibu na dirisha, na nyumba nzima ilishazoea kula sahani zikiwa mapajani.

Nyumba nzima ilikuwa yeye na binti yake. Wenzake wa kikundi cha dansi walimpa binti huyo jina la Unyoya, kwa wepesi wake. Kisha siku moja, katikati ya mazoezi, ubao wa jukwaa ukavunjika chini yake. Nyonga ilitibiwa, lakini haikuwa ile tena. Sasa alitembea akichechemea, alishona mapazia katika duka la jirani, na habari za dansi hazikutajwa mle ndani. Mama hakuuliza, binti hakusema.

Ndipo mhariri wa kampuni ya vitabu akamletea Mama Tembo hadithi mpya. Safari hii hakukuwa na mnyama hata mmoja. Kulikuwa na msichana anayependa kucheza. Anachekwa, anajikaza, na mwishoni anaruka jukwaani huku watu wakimshangilia.

Alitaka kukataa. Lakini aliposhika penseli, mkono ulikwenda wenyewe. Shingo ile ndefu, mikono inayofunguka kama mtu anayetandika shuka, ncha ya ulimi inayochungulia kabla ya kuruka: hakuhitaji kumtazama mtu. Alichora akitabasamu peke yake, na kila binti yake alipokaribia kurudi kazini, alizifunika karatasi kwa gazeti.

Jumapili moja alitoka kununua mboga. Aliporudi, alimkuta Unyoya amekaa mezani, gazeti liko sakafuni.

"Huyu ni mimi," Unyoya alisema.

"Mwanangu, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Lini? Kikishachapishwa?" Akaivuta picha ya mwisho. "Na hadithi yenyewe inadanganya, mama. Eti alitaka sana, ndiyo maana akapata. Kwa hiyo mimi sikutaka vya kutosha?"

Unyoya aliinuka kwa kushika meza, akaingia chumbani, akaufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Kesho yake Mama Tembo alimwendea mhariri, akaomba mwisho wa hadithi ubadilishwe. Mhariri hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Dada, nakuelewa kabisa. Lakini mwandishi ameshaandika, na watoto wanataka kufunga kitabu wakiwa na furaha. Ukiona inakuumiza, nitatafuta mtu mwingine."

Wazo la mtu mwingine kuishika kazi ile lilimuuma zaidi. Akarudi nyumbani, akazichana picha zote, akaanza upya. Akampa msichana mashavu ya duara na shingo fupi, nywele nyingine, hata namna nyingine ya kuruka. Alichora mpaka macho yakamwasha, akiamini anasahihisha kosa lake.

Kitabu kilipotoka, alikiweka mezani wazi. Unyoya alikifunua ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo, akakifunua tena.

"Niko wapi?"

"Si ulikasirika? Nikakutoa."

"Nilikasirika, ndiyo." Akakifunga kitabu. "Sikusema unifute. Umenichora bila kuniuliza, ukanitoa bila kuniuliza. Hata ile siku yenyewe, mama, hujawahi kuniuliza ilikuwaje."

Mama Tembo alivuta kiti akakaa. Tangu utotoni, jambo likimshinda kulisema, alilichora.

"Nikuchore tena?" aliuliza, maana hakuona kingine cha kumpa.

"Hapana. Niulize tu."

Bila penseli hakujua macho ayaweke wapi. Mwishowe akasema, "Ubao ulipovunjika, ulikuwa unaruka au unatua?"

"Natua. Nikasikia mlio, nikadhani ni chupi imechanika. Nilicheka, mama. Nimelala pale chini nacheka, na wenzangu wanacheka, mpaka nilipojaribu kuinuka."

Mama alicheka naye, na kicheko kikamgeukia kilio. Unyoya hakulia. Alimtazama kama mtu anayemwangalia mgeni aliyechelewa, kisha akasema amechoka, akaenda kulala.

Kitabu kilipendwa. Mhariri alileta hadithi nyingine ya namna ileile, kuhusu mvulana mwimbaji, na Mama Tembo akairudisha bila kuisoma. Nyumbani mambo hayajanyooka. Kuna siku Unyoya husimulia kidogo wakati wa kula, na kuna siku mama akigusa tu habari hiyo hujibiwa, "Leo sitaki." Basi huacha. Siku nyingine, akiwa amejipa moyo, huuliza tena.