Mpiga Simu wa Lugongwe na Mjomba Asiyejua Kunong'ona

Saa mbili na robo asubuhi, Paskalia anasimama katikati ya uwanja, simu sikioni, mkono wa kushoto ameunyoosha kuwazuia watu wasimsogelee. Hakuna anayezuilika. Wanaume kwa wanawake kumi na wanane wamemzunguka, na nyuma yao mikungu ya ndizi mia mbili na ushee imepangwa kando ya barabara, imefunikwa kwa majani makavu ya mgomba.

"Ndizi zipo, Bwana Nasibu, kisukari safi," anasema kwa upole. "Hapana, bado ziko mgombani. Tukikubaliana bei ndipo tunakata."

Hapo mzee mmoja aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, hatua tatu kutoka alipo, anamwinamia jirani yake na kumnong'oneza kwa sauti inayofika ng'ambo ya korongo.

"Asimwambie kama tumeshakata! Mwambieni asimwambie!"

Paskalia anafumba macho. Upande wa pili wa simu, Dar es Salaam, Bwana Nasibu anacheka kidogo, kisha anataja bei: shilingi elfu sita na mia tano kwa mkungu. Wiki sita zilizopita mkungu wa namna hiyo alikuwa akiuchukua kwa elfu tisa.

"Nitakupigia kesho," Paskalia anajibu, na kukata.

Anamgeukia mwandishi wa habari hizi, maana kati ya wote waliopo uwanjani ndiye pekee ambaye hana ndizi. "Umemsikia? Sasa huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu mzazi. Nimwambie nini? Nimwambie nyamaza?"

Hawezi. Katika milima ya Uluguru mtu anarithi shamba kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee Bartholomeo ana miaka sabini na minne, masikio yamepungua nguvu, na kwa kuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, anaamini wengine nao hawamsikii.

Paskalia ana miaka arobaini na saba. Anaishi Lugongwe, kitongoji kilicho juu ya Mkuyuni, mahali ambapo barabara ya gari inakata tamaa na kuiachia kazi njia ya miguu. Analima migomba kama wenzake, lakini kwa miaka tisa sasa ana kazi nyingine ambayo wenzake wamempa: ndiye mpiga simu. Wakulima wakiwa na mzigo wa kutosha kujaza gari, yeye ndiye anayempigia mnunuzi, anayepatana bei na kuita gari. Kwa kila gari linaloondoka limejaa anapewa shilingi elfu kumi. Kwa mwezi magari huwa matatu, au manne mvua zikiwa nzuri.

Kazi yenyewe ina sharti moja ambalo halina mjadala. Simu ya ndizi inapigwa mbele ya wenye ndizi.

Sharti hilo lina historia. Mpiga simu aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kuzungukia nyuma ya nyumba akisema anatafuta mtandao, kisha anarudi na bei ambayo kila mtu aliitilia shaka. Alipoondolewa, kikao kiliamua kuwa tangu siku hiyo mpiga simu atasimama uwanjani, katikati ya watu, na kila aliyeleta mkungu ana haki ya kuwapo.

"Ni sharti zuri," anasema Paskalia. "Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kulipitisha. Sikujua litakuja kuninyonga."

Zamani halikumsumbua. Mtandao ulikuwa wa kuokoteza, na simu ilikuwa kitochi cha vitufe. Ilibidi apige kelele mpaka mishipa ya shingo imtoke, na huko Dar mnunuzi alisikia neno moja, akakosa mawili. Watu waliomzunguka wangeweza kuimba misa nzima na mnunuzi asijue. Ndipo watu wa Lugongwe walipojenga imani yao kuhusu simu: kwamba inasikia mdomo ulio karibu nayo tu.

Mwaka huu mafundi wakaja kubadilisha mitambo kwenye mnara. Kampuni ya simu ikatangaza huduma mpya ya kupiga simu kwa sauti angavu, ile ambayo vijana wanaiita sauti ya HD. Wakulima wakachanga, wakanunua simu janja mpya kwa ajili ya kazi ya ndizi. Siku ya kwanza Paskalia alipompigia Bwana Nasibu alidhani mtu huyo amesimama mlangoni.

"Nilifurahi kama mtoto," anasema. "Nikasema jamani, leo koo langu limepumzika. Kumbe taabu ndiyo kwanza inaanza."

Mara tu baada ya hapo bei ikaanza kuteremka. Na ili mtu aelewe kwa nini, lazima ajue jambo moja kuhusu ndizi. Mkungu ukiwa mgombani unaweza kusubiri. Ukishakatwa hausubiri mtu: siku ya nne au ya tano rangi inaanza kugeuka, na mnunuzi akijua hivyo, anakaa kimya tu na kungoja mwenye ndizi aogope. Lakini watu wa Lugongwe hawawezi kungoja gari lije ndipo wakate. Mashamba yako juu kwenye miteremko, mikungu inashushwa kwa kichwa, na kazi hiyo inakula siku nzima. Kwa hiyo siku zote wanakata kwanza, kisha mpiga simu anasema bado hawajakata.

"Ni biashara, si uongo," anasema Paskalia. Anachezea ncha ya khanga. "Haya, ni uongo. Lakini ni uongo wetu wote, tumekubaliana. Sasa kinachoniudhi ni kwamba mimi nauficha mbele na wao wanautangaza nyuma."

Wiki moja ilikuwa Editha, mkulima jirani yake, aliyeita watu wafunike mikungu jua lisiibabue. Wiki nyingine walibishana kwa sauti mkungu upi ni wa nani. Paskalia alipowaonya wasiongee, walikaa chini wakafanya uamuzi wa busara: kuanzia hapo wataongea Kiluguru. Hawakukumbuka kuuliza Bwana Nasibu amelelewa wapi. Amelelewa Matombo, kwenye milima hiyo hiyo ya Uluguru, kwa bibi yake, mpaka alipomaliza darasa la saba.

Mnunuzi mwenyewe, alipoulizwa kwa simu, hakuficha kitu. "Mimi sijafanya hila yoyote," alisema akicheka. "Nakaa kwenye kiti changu, nasikiliza. Nasikia kuku, nasikia watoto, namsikia mzee mmoja anakataza nisiambiwe. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Wenye ndizi hawakuona kichekesho. Walichoona ni kwamba kila wakitaka kujifanya hawana haraka, mnunuzi anajua. Na wakatafuta jibu karibu, si mbali. Likatoka kwa Editha, kisimani, likazunguka kitongoji kizima kabla ya magharibi: Paskalia anapiga simu mara mbili. Moja mbele yao, nyingine akiwa peke yake, anamweleza mnunuzi kila kitu na kula naye.

"Mimi simchukii," anasema Editha, mwanamke mwembamba anayeongea huku akifunga kamba za mikungu. "Ila nauliza. Huyo Nasibu amejuaje? Ndoto? Malaika amemshukia?"

Paskalia alijaribu kuwathibitishia. Alimwomba Editha aende na simu yake mpaka kwenye kanisa la kigango, mita mia tatu chini, kisha akampigia huku mjomba akiongea pembeni kama kawaida. Editha akarudi anatikisa kichwa: alimsikia Paskalia kwa taabu, na nyuma yake hakusikia kitu ila mvumo wa sauti. Wote wakaguna. Paskalia alitaka ardhi ipasuke immeze.

Wiki hiyo hiyo fundi simu wa Mkuyuni alimweleza kosa lake. Sauti angavu haiji mpaka simu zote mbili ziwe za kisasa. Editha ana kitochi, na ukimpigia mwenye kitochi, maongezi yanarudi kuwa yale ya zamani. Bwana Nasibu ana simu kubwa ya bei mbaya.

"Nikapanda mlima mbio mbio kuwaeleza," anasema. "Unajua walinijibu nini? 'Kwa hiyo simu inachagua wa kumsikia!' Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaingia ndani nikalala na njaa."

Kikao kikapangwa, Jumapili baada ya misa. Ajenda ni moja, kumwondoa mpiga simu. Elfu kumi kumi hizo zinamsaidia nauli na madaftari ya binti yake Judith, anayesoma Mzumbe, lakini anasema hilo atalimudu kwa namna nyingine.

"Kazi wachukue," anasema. "Ninachokataa ni kuitwa mwizi. Hawa ni watu ninaopanga nao foleni ya komunyo. Watoto wao nimewabeba mgongoni. Nikiondoka kwenye kazi hii kwa jina hilo, nitaishi nalo hapa hapa, kwenye ardhi ya mama yangu, mpaka nizikwe."

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, uwanja umejaa tena. Ni siku ya pili tangu mikungu ikatwe, na leo lazima ndizi ziondoke. Watu wamenuna. Mzee Bartholomeo amekwisha kukalia ndoo yake.

Paskalia anatoka ndani na simu, anawatazama mmoja mmoja, kisha anafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa miaka tisa. Anapiga goti mbele ya mjomba wake na kumkabidhi simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hii nifanye nini nayo?"

"Leo ishike wewe. Nimeiweka spika, kila mtu atasikia. Mimi nitaongea kutoka hapa. Wewe kazi yako ni kusikiliza tu, maana ndiye mkubwa wetu."

Mzee anaipokea kama anavyopokea kikombe cha uji wa moto. Kwa masikio yake hana budi kuisogeza mpaka iguse shavu, na mtu aliyekaza sikio namna hiyo hapati nafasi ya kunong'ona. Watu nao, wakiona mjomba ametulia, wanatulia. Kwa mara ya kwanza tangu simu hiyo inunuliwe, uwanja wa Lugongwe uko kimya.

Simu inaita. Bwana Nasibu anapokea kwa uchangamfu.

"Mama Judith, habari za huko juu? Mbona leo kimya hivyo, watu wako wapi?"

"Wapo, tunasikilizana. Tunataka elfu tisa."

"Tisa! Mama, mimi hapa nina ndizi mpaka nakosa pa kuziweka. Nikichukua zako nakusaidia tu. Sita na nusu, tena nafanya kwa heshima."

Ndipo nyuma ya Bwana Nasibu, mbali kidogo lakini safi kabisa, inasikika sauti ya kijana. "Bosi, lile gari la ndizi za Tukuyu limeharibika njiani, halifiki leo. Wateja wanaondoka. Tuwaambieje?"

Bwana Nasibu anakohoa. Mzee Bartholomeo anaitoa simu shavuni, anaitazama, anairudisha.

"Bwana Nasibu," anasema polepole. "Huyo kijana wako hapo nyuma, mbona anasema huna ndizi?"

Kisha mnunuzi anacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na anajua amekamatwa.

"Shikamoo, mzee," anasema. "Haya. Nane na nusu, na gari linaondoka sasa hivi."

"Tisa," anasema mjomba.

"Tisa, mzee wangu. Tisa."

Ungetegemea vigelegele. Haviji. Paskalia amechukua simu na kuikata, lakini mzee bado mkono wake uko shavuni, kana kwamba simu haijatoka. Anawaza, na kuwaza kwake kunaonekana usoni, hatua kwa hatua. Anatazama mikungu. Anatazama ndoo aliyoikalia wiki zote hizi, na pale anaposimama mpiga simu, na kuupima kwa macho umbali wa katikati.

"Huyo kijana," anasema mwishowe, "hakuwa karibu na simu."

"Hapana, mjomba."

"Na tumemsikia."

"Tumemsikia, mjomba."

Mzee anavua kofia. "Kwa hiyo ni mimi," anasema. "Ni mimi niliyekuwa namwambia."

Editha ameinama, anafunga upya mkungu ambao ulikuwa umekwisha kufungwa. Anasema, bila kuinua macho, kwamba basi kikao cha Jumapili hakina maana tena, kifutwe tu, watu wakapumzike.

Paskalia anamgeukia. Hasira yote aliyoimeza kwa wiki sita iko machoni.

"Hakifutwi," anasema. "Mlinisema kisimani, mlinisema njiani, mlinisema mpaka mlango wa kanisa. Kikao kipo, na watu wote waje."

Baadaye, gari likipakiwa na wanaume wakipokezana mikungu, anaketi kwenye ile ndoo na kueleza anachokitaka. Anataka kuendelea na kazi. Anataka sharti la zamani libaki kama lilivyo, simu mbele ya watu, lakini iongezwe spika, na atakayefungua mdomo arudi nyumbani na mkungu wake. Uongo wa mgombani anafikiri kuuacha. Umemchosha, na kwa simu hizi anaona hauna siku nyingi.

Lakini hayo ni ya baadaye. La kwanza ni Jumapili.

"Mjomba ameniomba radhi hapa, mbele ya watu wachache," anasema. "Nimemwambia sitaki hapa. Asimame mbele ya wote, aseme jina langu, aseme sikuiba. Sauti anayo. Itafika mpaka kisimani bila simu."