Ua Nisiloliona

Enzi zetu kule Unguja, nanyi rika langu mtanishuhudia, sinema ilikuwa na siku yake ya wanawake, na siku hiyo hakuna mama aliyebaki jikoni. Walikwenda na mabuibui yao, nasi watoto na bisi zetu, tukakaa mbele kabisa hadi shingo zikatuuma. Katika zile filamu za Kimarekani za nyimbo na ngoma hatukuelewa hata neno moja. Iliyoelewa ni miguu.

Binamu yangu Mwanakheri, niliyemzidi umri, alikuwa na kipawa ambacho mimi sikupewa: akitoka sinema, hatua zote amezihifadhi. Jioni moja akatangaza, "Kesho tutatengeneza ua!" Asubuhi tukaja na mifagio, tukafagia ua wa mjomba mpaka ukang'aa. Akaangua kicheko. "Ua la kunusa, washamba nyie! Kama lile la sinema!"

Akatulaza kwa duara, miguu ikielekea katikati, tukifungua na kufunga mikono mfano wa petali. Mwanzoni alicheza nasi. Kisha akahamia dirisha la ghorofani, akatuamuru kutoka huko: "Dada Rukia, mkono! Mkono, si kiwiko!" Majirani wakamshangilia madirishani, na sharubati ikapelekwa kwake kwanza. Mimi nilikuwa chini, mchanga umenijaa nyweleni, nikitazama mbingu tupu.

Ilipokaribia harusi ya dada yake, ambako tungelicheza ua hilo, nilimwomba nipande dirishani mara moja tu, nione.

"Ukitoka wewe, Dada Rukia, pana pengo. Ua gani hilo lenye pengo?"

Mama yangu akadakia, "Lala chini, usituharibie harusi." Nikalala. Siku ya harusi vigelegele vikarindima kutoka juu. Wote waliliona ua, isipokuwa sisi tuliokuwa ua.

Juzi, katika nyumba yetu hapa Toronto, mjukuu wangu Sakina, anayeniandikia haya kwa kuwa mimi sikutiwa shule, aliniwekea mojawapo ya filamu zile. Akanieleza kwamba mwongozaji wake alianza kwa kuwapangia wachezaji hatua, hata akakabidhiwa filamu nzima. "Alikuwa hodari sana, Bibi." Hodari wa nini? Alipanda juu na kamera yake, wakamwachia. Mwanakheri naye angeweza. Na mimi ningeweza kuwashinda wote wawili, laiti ningepewa dirisha.

Watoto wa siku hizi hawamngojei mtu. Sakina na wenzake husimama kwenye korido ya jengo letu, wakairushia simu mabega mawili na kidole kimoja, wakaiita hiyo ngoma. Hata jasho hawatoki. Lakini papo hapo huinamia kioo cha simu hiyo, wakajitazama, wakajicheka, wakarudia palipokosewa. Sisi tulicheza vizuri kuliko wao, tena kwa mbali, nami nitaondoka duniani bila ya kujiona. Nawaonea wivu. Andika, Sakina, na neno hilo usilifute.